Aliyemtoa Mateka Aulizwe

Mtu akisimama jioni juu ya mwinuko wa Ujiji, hewa ikiwa safi baada ya mvua, aiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Huko ng'ambo, penye mji wa Kalemie uliokuwa ukiitwa Albertville, palikuwa ndani ya jimbo la Katanga. Kwa hiyo sisi wa Buzebazeba tunapolitaja jina la Katanga hatutaji nchi ya mbali. Twautaja mwambao wa pili wa ziwa letu, ambako wengi wetu tuna wajomba na mashemeji. Na Wabelgiji nao hatukuwajua kwa kusoma vitabuni tu. Waliuteka mji wa Kigoma mwaka 1916, wakautawala hadi mwaka 1921, na hata baada ya kuondoka shehena zao za Kongo ziliendelea kupita katika bandari hii kwa mapatano yao na Waingereza.

Twayakumbusha hayo kwa kuwa twataka kusema juu ya hukumu moja iliyotolewa katika mji wao mkuu, na juu ya hukumu nyingine ambayo imengojewa mno.

Mwezi Julai mwaka 2007 mahakama ya Brussels ilimhukumu Meja Bernard Ntuyahaga, afisa wa jeshi la zamani la Rwanda, kifungo cha miaka 20. Kosa lake lilikuwa la namna ya pekee, na ndiyo maana twaomba wasomaji walitazame vizuri. Tarehe 7 Aprili 1994, siku ya pili baada ya ndege ya Rais Habyarimana kutunguliwa, askari kumi wa Ubelgiji waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa walikuwa wametumwa kumlinda Waziri Mkuu wa Rwanda, Bibi Agathe Uwilingiyimana. Walizingirwa, wakatoa silaha zao, wakatiwa ndani ya gari dogo la abiria, wakapelekwa kambi ya jeshi ya Kigali. Huko wakauawa. Meja huyo ndiye aliyewapeleka. Alijitetea ati alikuwa akipita njia tu, akawasaidia kwa kuwapakia. Wazee wa baraza la mahakama hawakumkubalia, wakamtia hatiani kwa mauaji ya wote kumi.

Mtu huyo si mgeni kwetu. Alikuwa Arusha, mikononi mwa Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda. Mwaka 1999 mashtaka yake yakaondolewa. Akakamatwa Dar es Salaam, na hapo akakaa chini ya serikali yetu mpaka alipokwenda Ubelgiji mwaka 2004. Hatuna ugomvi na hukumu aliyopewa. Askari aliyekwisha kutoa silaha yake si adui tena, awe mweusi au mweupe, awe ametoka Brussels au Bujumbura. Na aliyempeleka mahali pa kifo, hata kama hakugusa risasi wala rungu, hawezi kusema kwamba mikono yake ni safi.

Basi sasa turudi nyuma miaka 33 kutoka siku ile ya Kigali.

Mwezi Septemba mwaka 1960 Kanali Mobutu, mkuu wa majeshi ya Kongo, alitwaa madaraka mjini Leopoldville. Patrice Lumumba, Waziri Mkuu aliyetokana na kura za wananchi, akawa mtu wa kufungiwa nyumbani. Mwishoni mwa Novemba alitoroka akielekea Stanleyville kwa wafuasi wake, na mwanzoni mwa Desemba askari wa Mobutu wakamkamata karibu na mto Sankuru. Akarudishwa Leopoldville amefungwa kamba mikono nyuma. Wapiga picha walikuwapo, na dunia nzima iliona jinsi askari alivyomshika nywele na kumsokomeza karatasi kinywani. Kisha akawekwa katika kambi ya jeshi ya Thysville.

Tarehe 17 Januari 1961 alitolewa huko pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito, wakapakiwa katika ndege na kupelekwa Élisabethville, kwa Moise Tshombe. Hapo ndipo penye kiini cha neno letu. Hakuna mtu Leopoldville asiyejua Katanga wangefanywa nini. Siku moja kabla yake, waziri wa mambo ya Afrika wa Ubelgiji, d'Aspremont Lynden, alikuwa amepeleka simu ya maandishi kumhimiza Tshombe awapokee. Ndani ya ndege walipigwa njia nzima. Usiku ule ule walipelekwa porini, wakapigwa risasi mmoja mmoja, Tshombe na mawaziri wake wakitazama, na kikosi kikiamriwa na afisa wa Kibelgiji, Kapteni Julien Gat. Tarehe 13 Februari serikali ya Katanga ikatangaza kwamba mateka walikuwa wametoroka na kuuawa na wanakijiji. Ulikuwa uwongo, na Tume ya Umoja wa Mataifa iliukataa mwaka ule ule. Miili ilikuwa imekwisha kufukuliwa, ikakatwakatwa na kuyeyushwa kwa tindikali na polisi wa Kibelgiji aliyeitwa Gerard Soete, ambaye alibaki na meno kuwa kumbukumbu yake.

Kila mmoja katika mnyororo huo alikuwa na la kujitetea. Wa Thysville alisema alitii amri ya Leopoldville. Wa Leopoldville alisema walipokuwa kwake walikuwa hai. Wa Brussels alisema Kongo ilikwisha kuwa nchi huru. Sisi tuliosomeshwa na wamisionari tulifundishwa habari za Liwali Pilato, aliyeitisha maji akanawa mikono mbele ya umati. Lakini katika imani ya Kanisa jina lake hutajwa kila Jumapili, na majina ya askari waliopiga misumari hayatajwi. Na ndugu zetu Waislamu wa Ujiji hawana haja ya mfano huo, kwa kuwa neno lao ni fupi zaidi: mateka ni amana. Ukimshika mtu na kumfunga mikono, umejitwika uhai wake. Huwezi kuitoa amana kwa mwizi, kisha ukasema hukuiba wewe.

Mapatano ya Geneva ya mwaka 1949 yanasema jambo hilo hilo. Mateka wa vita si mali ya askari aliyemkamata, bali wamo mikononi mwa serikali yake. Na serikali hiyo hairuhusiwi kuwakabidhi kwa wengine pasipo kuhakikisha kwamba watatendewa kibinadamu. Tutaambiwa kwamba Lumumba hakuwa askari, na kwamba ile ilikuwa fitina ya Wakongo wenyewe kwa wenyewe. Lakini kifungu cha tatu cha mapatano hayo kiliandikwa kwa ajili ya vita vya ndani ya nchi, na chamlinda kila aliyefungwa na asiyeweza kujitetea.

Ubelgiji imefanya nini? Mwaka 2001 tume ya Bunge lake ilikiri kwamba baadhi ya mawaziri na watumishi wake walikuwa na dhima ya kimaadili. Mwaka 2002 waziri wake wa mambo ya nje aliomba radhi. Mwaka 2011 jamaa ya marehemu ilipeleka mashtaka mahakamani. Mwaka 2022 jino moja lilirudishwa katika sanduku, likazikwa Kinshasa. Mwezi Juni mwaka 2025 waendesha mashtaka wa Brussels waliomba mtu mmoja afikishwe mbele ya mahakama, Étienne Davignon, aliyekuwa kijana wa ubalozi siku zile, naye akiwa na umri wa miaka 92. Wengine tisa waliotajwa katika shauri walikuwa wamekwisha kufa. Yeye alikana. Hatumhukumu sisi, hiyo ni kazi ya mahakama. Lakini twatazama hesabu. Kwa Wabelgiji kumi, aliyewapeleka kambini alihukumiwa baada ya miaka 13. Kwa Waafrika watatu, miaka 64 ilikuwa imepita na hapakuwa na hata mtu mmoja aliyehukumiwa. Mobutu, ambaye majeshi yalikuwa chini ya amri yake, alitawala Kongo tangu 1965 hadi 1997, akafa Rabat mwaka huo huo. Mabeberu walimpokea kwa zulia jekundu kwa miaka mingi.

Ndugu mmoja mfanya kazi wa bandari alituambia barazani hapa Buzebazeba kwamba kamanda hawezi kuwa kila mahali, na kwamba si haki kumfunga mkubwa kwa kosa la mdogo. Neno lake si la kipuuzi. Jean-Pierre Bemba wa Kongo, ambaye wanajeshi wake waliua na kunajisi katika Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 2002 na 2003, alihukumiwa na mahakama ya The Hague mwaka 2016 kifungo cha miaka 18. Mwaka 2018 mahakimu watatu kati ya watano wa rufani wakamwachia, mojawapo ya hoja zao ikiwa kwamba kamanda aliye mbali, ambaye majeshi yake yamo katika nchi ya kigeni, ana mipaka katika uwezo wake. Mwaka 2023 akawa Waziri wa Ulinzi wa nchi yake. Hukumu ile haikutufurahisha, lakini twakubali kwamba uwanja wa vita una moshi, na habari huchelewa.

Kwa mateka hoja hiyo haina miguu. Mateka hakimbii huku na huku. Yu mahali pamoja, analindwa kwa zamu, anakula posho, na posho huandikwa. Akihamishwa huhitaji gari, mafuta, ndege, na sahihi ya mtu. Ndugu yetu wa bandarini ajua zaidi kuliko sisi kwamba hapa Kigoma gunia moja la saruji haliingii melini pasipo karani kutia sahihi, na likipotea haulizwi kuli aliyelibeba bali aliyetia sahihi. Je, mtu ni duni kuliko gunia? Mahakama ya Arusha, iliyoundwa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa 2015, iliandikiwa sheria iliyo wazi: mkubwa aliyejua, au aliyekuwa na sababu ya kujua, na asizuie wala asiadhibu, ana hatia, naye mdogo hasameheki kwa kusema aliamriwa. Kwa sheria hiyo Kanali Théoneste Bagosora alifia Mali mwaka 2021 akiwa bado mfungwa. Basi inawezekana.

Hata hivyo, nyani haoni kundule. Sisi Waafrika tunaopiga kelele juu ya Brussels tumefanya nini nyumbani? Mwezi Juni mwaka 2014, mjini Malabo, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipitisha itifaki ya kuipa mahakama ya Afrika uwezo wa kuhukumu makosa ya vita. Ni jambo jema, tena lenye heshima, maana mahakama ya haki za binadamu ya Afrika inakaa Arusha, katika nchi yetu. Lakini humo humo waliingiza kifungu cha 46A bis, kinachosema kwamba mkuu wa nchi aliye madarakani, na maofisa wakubwa wa serikali kwa kadiri ya kazi zao, hawatashtakiwa wakati wakiwa katika nafasi hizo. Kwa kifungu hicho Mobutu angekuwa salama miaka 32. Kila kamanda anayeshika mateka leo ng'ambo ya ziwa angejifunza jambo moja tu: asishindwe, na akisha kushika serikali asiiachie.

Chama chetu kilizaliwa kutokana na TANU, ambayo kila mwanachama wake aliahidi kwanza kuamini undugu wa binadamu wote. Hatuoni jinsi ahadi hiyo inavyoweza kukaa nyumba moja na kifungu cha 46A bis. Itifaki ya Malabo ikiletwa Bungeni Dodoma ili iridhiwe, wabunge wa mkoa huu watakuja hapa kwetu kabla au baada ya siku hiyo, kama wajavyo siku zote. Wanachama na wafanya kazi wawaulize, kwa adabu na hadharani, watapigaje kura juu ya kifungu hicho, na majibu yao yaandikwe katika kumbukumbu za tawi.