MWENYE FUNGUO NDIYE APANGAYE KODI

Wanahisa wengi wasomapo hesabu za benki na makampuni ya simu hutazama faida, madeni na mishahara. Ni wachache wanaouliza juu ya gharama za seva. Yaliyotokea tangu mwishoni mwa 2023 yanaonyesha kwamba kutouliza ni kosa.

Zamani kila kazi ilipewa seva yake, na nyingi zilikaa bila shughuli ya kutosha. Mashine pepe, yaani kompyuta inayoundwa kwa programu ndani ya seva halisi, iliwezesha seva moja kubeba kazi za seva kadhaa. VMware ya California, iliyoanzishwa 1998, ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2003 ilitoa programu ya kusimamia seva nyingi kutoka mahali pamoja, na kuhamisha mashine pepe toka seva moja hadi nyingine bila kuizima.

Urahisi huo ndio uliowafunga wateja. Novemba 2023 Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware kwa thamani ya dola bilioni 69 hivi. Mwezi uliofuata ilisimamisha uuzaji wa leseni za kudumu. Mteja akatakiwa kulipa ada ya muda. Agosti 2024 kampuni ya simu ya AT&T ilikwenda mahakamani New York ikidai haki ya kuendelea kupata huduma. Ilieleza kuwa ina mashine pepe zipatazo 75,000 katika seva 8,600 hivi. Pande hizo zilipatana kabla ya mwaka kwisha.

Mwenye hisa za muuzaji aweza kufurahia mapato hayo. Mwenye hisa za mteja ndiye anayelipa. Zipo programu nyingine, kama Proxmox, Nutanix na Hyper-V ya Microsoft, lakini kuhama ni kazi: mafundi wafundishwe upya, akiba za data zipangwe upya, na kila mashine ijaribiwe.

Kwa hiyo, katika mkutano mkuu ujao, mwanahisa mdogo na aulize mambo matatu. Mkataba wa programu hiyo unakwisha lini? Ada inalipwa kwa dola au kwa shilingi? Njia ya kuhama imekwisha kujaribiwa? Bodi isiyo na majibu ni sawa na mpangaji asiyejua kodi yake itapanda lini, na faida inayoitangaza leo haina uhakika wa kesho.