Hivi nani kawaambia maktaba ndogo haihitaji kifurushi?

Najua nimepotea, UE ziko mlangoni na vimbweta vyote vimejaa watu na makaratasi yao. Lakini hili limenikaa kooni wiki nzima, bora nilitoe, maana kuna watu hapa chuoni wanawapotosha wadogo zetu wa mwaka wa kwanza mchana kweupe.

Wanachosema ni hiki: eti maktaba ndogo ya kujengea klasi kwenye Perl, kama Moo au Class::Tiny, haina haja ya kuhangaika kuifungasha. Wewe kopi folda, bandika kando ya skripti yako, tia kwenye flashi, mpe mwenzako, kazi imeisha. "Si vifaili vichache tu hivyo?" Nawajibu hapana, na mwenye hoja aje nayo.

Kwa wale ambao hamjaigusa Perl (mnakosa uhondo), kisa chenyewe kiko hivi. Perl 5 ilipotoka mwaka 1994 ilikuja na namna ya kutengeneza obijekti, lakini ya kujitafutia: unachukua hashi yako, unaipa baraka kwa bless, basi imekuwa obijekti. Konstrakta andika mwenyewe. Njia za kusoma na kubadili kila sifa, andika mwenyewe, kila klasi, kila siku ya Mungu. Mwaka 2006 Stevan Little akaleta Moose, ambayo ukiandika has na jina la sifa, mengine inakufanyia. Tamu kweli, ila nzito. Inachelewa kuwaka, na sehemu yake imeandikwa kwa C, kwa hiyo ukiijenga kutoka CPAN lazima uwe na kompaila. Mwaka 2010 Matt S Trout akatoa Moo: has ileile, extends ileile, lakini mashine kubwa ya kuchunguza klasi kwa ndani imeachwa nje, na yote ni Perl tupu. Halafu 2013 David Golden akaja na Class::Tiny, kitu cha mistari kama 120 hivi. Yaani ukurasa na kitu unamaliza kuisoma.

Sasa huo udogo ndio unaowadanganya watu. Moo si faili moja jamani. Inategemea Role::Tiny, Class::Method::Modifiers na Sub::Quote, na kila moja ina safari yake na matoleo yake. Ukiokota kipande hiki kwa Juma, kile kwenye mashine ya maabara, na kingine kwenye folda ya kaka aliyemaliza miaka mitano iliyopita, hapo hujapata maktaba, umepata makande.

Na matoleo si mchezo. Kabla ya Moo 2, iliyotoka 2015, ukiandika use Moo tu basi kila onyo ndani ya faili lako linakuwa kosa la kuua programu. Kuanzia Moo 2 onyo likabaki kuwa onyo. Fikiria sasa: skripti ni ileile, laptopu mbili, moja ina Moo ya kale iliyokopiwa, nyingine ina mpya. Huku inalalamika kidogo na kuendelea, kule inakufa mbele ya jopo siku ya kuwasilisha mradi. Hapo utasikia mtu analaani Perl. Perl imekosa nini?

Halafu hii ya kubandika kando ya skripti! Zamani Perl ilikuwa inatafuta moduli hata kwenye folda uliyosimama wakati huo. Mwaka 2016 ikaonekana wazi kwamba huo ni mlango wa wezi, kwa sababu mtu anaweza kuacha faili lake baya kwenye folda ya wote, ukiendesha programu yako hapo unalimeza bila kujua. Toleo la 5.26 la mwaka 2017 likaiondoa ile folda kwenye orodha. Matokeo yake ni lile tangazo mnalolipenda, kwamba Moo.pm haionekani kwenye @INC. Na wataalamu wetu wa flashi wanafanya nini? Wanaandika use lib '.' juu kabisa ya faili. Wamefungiwa mlango kwa usalama wao, wao wanavunja dirisha. Kama huna budi, basi tumia FindBin uielekeze kwenye folda ya lib inayokaa na skripti yenyewe.

Kifurushi kinafanya nini ambacho flashi haifanyi? Chukueni libmoo-perl ya Debian. Ndani yake imeandikwa inahitaji nani na kuanzia toleo gani, kwa hiyo apt inaleta ukoo mzima unaoelewana. Majaribio ya mwandishi huendeshwa kinapojengwa, yakifeli hakitoki. Kuna faili la hakimiliki lenye majina ya walioandika na leseni, ambayo ni ileile ya Perl. Hili la majina nalisema kwa makusudi, kwa sababu nimeona mradi mmoja hapa ambao mtu kafuta vichwa vya mafaili ya Class::Tiny akaweka jina lake na namba yake ya usajili. Huo ni wizi, hata kama ni wa mistari 120.

"Bando je?" Haya, bando. Kwa sababu Moo ni Perl tupu, kifurushi chake ni kimoja kwa mashine zote, tofauti na cha Moose ambacho hujengwa upya kwa kila aina ya prosesa. Mmoja wenu anashusha mara moja kwa apt na --download-only, anayakuta mafaili ya .deb kwenye /var/cache/apt/archives, anayatia kwenye flashi, mnagawana. Flashi yenu bado inafanya kazi, tena vizuri zaidi!

Kuna wengine wamenitolea left-pad. Ile moduli ya mistari 11 iliyoondolewa npm mwaka 2016 na miradi ya watu duniani ikaanguka, eti ndiyo ushahidi kwamba vifurushi vidogo ni hatari. Mimi naona ni ushahidi wa upande wangu. Tatizo lilikuwa ghala ambalo mtu mmoja aliweza kuchomoa tofali. Upande wa CPAN kuna BackPAN inayotunza hata yaliyofutwa.

Tena nisiwaonee wenye flashi peke yao, wafungashaji nao wana mambo. Wanaendesha dh-make-perl, inawaandikia folda ya debian, wanaona wamemaliza. Ile ni rasimu tu ndugu zangu, isomeni! Nimekuta kifurushi cha moduli ndogo kimeweka Moose kwenye Depends kwa sababu faili moja la majaribio linaitumia. Cha majaribio kinakaa Build-Depends. Cha kuongeza kasi tu, kama Class::XSAccessor, kinakaa Recommends, asiyekitaka ana --no-install-recommends. Mtu kachagua maktaba nyepesi, wewe unamtwisha gunia, sasa wepesi uko wapi?

Kuhusu neno class lililokuja na Perl 5.38 mwaka 2023, lilikuja likiwa na alama ya majaribio na bila role. Zuri, nalifuatilia, lakini mashine zetu za maabara nyingi hazijafika huko.

Mkitaka kujua kwa nini napiga kelele, nendeni mkamwone mweka hazina wa chama chetu. Waliotutangulia walituachia programu nzuri ya kuhesabu michango ya misiba na harusi, imeandikwa kwa Moo. Wakamaliza, wakaondoka. Imebaki folda inayoitwa mpya_final2, na ndani yake kuna Moo mbili tofauti na Role::Tiny hakuna. Dada wa watu anahesabu kwa daftari na kikokotoo, na mwezi uliopita palitokea maneno kuhusu mchango wa msiba, kwamba fulani alitoa, kwamba hakutoa. Ingekuwa kwenye kifurushi, ni amri moja tu na mashine mpya inaendelea pale ilipoishia.

Basi Jumamosi saa nne asubuhi niko kimbweta cha nyuma ya maktaba. Moo na Class::Tiny zina vifurushi tayari huko Debian, hatutazigusa, tutaifungasha ile ya michango. Mwenye laptopu ya Debian au Ubuntu aje nayo, na anayebisha naye aje, ila aje na toleo la Moo yake limeandikwa kwenye karatasi.