Motokari ya umeme si ya kuvalishwa mpira wowote

Kila siku malori yanatoka Kolwezi na Likasi, yanapita Lubumbashi, kisha yanapanga foleni Kasumbalesa yakiwa na shaba na kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inatoka katika udongo wa Kongo, na sehemu kubwa yake inaishia ndani ya batri. Sasa, upande wa kuingia, zimeanza kuonekana moja moja motokari zinazotembea kwa batri hizo. Ng'ambo ya mpaka, Kigali, zimekwisha kuzoeleka: Volkswagen ilianza kujaribu e-Golf huko mnamo 2019, na mwaka 2021 serikali ya Rwanda ikaziondolea motokari za umeme kodi kadhaa. Mtu wa Goma au Bukavu hahitaji tena kwenda Ulaya ili aione.

Wanaozinunua wanauliza juu ya batri. Inashika kilometa ngapi, inajaa kwa saa ngapi, na SNEL ikikata umeme itakuwaje? Ni maswali ya haki. Swali la mipira linakuja baadaye, siku ile meno yamekwisha na mwenye gari amesimama mbele ya kibanda ambamo mipira ya okazyo imepangwa hadi kwenye mabati. Muuzaji anagonga mmoja kwa kiganja: «Patron, hii ni ya Bulaya, ingali na nguvu.» Kipimo kinalingana, janti inaingia, bei si mbaya. Biashara inaisha hapo, bila mtu kuuliza mpira huo unaweza kubeba kilo ngapi.

Na motokari ya umeme ni nzito kuliko inavyoonekana kwa macho. Ile e-Golf ya Kigali ina umbo lilelile la Golf ya esanse, lakini inaizidi karibu kilo 300, na kilo hizo ni za batri iliyolala chini ya sakafu. Tesla Model Y, tupu bila mtu, inakaribia tani mbili. Kwenye ubavu wa kila mpira, baada ya kipimo kama 205/55 R16, kuna namba nyingine ndogo ambayo watu wengi hawaisomi. Ikiwa ni 91, mpira ule umetengenezwa kubeba kilo 615, si zaidi. Ikiwa ni 94, ni kilo 670. Ikiwa ni 98, ni kilo 750. Mipira miwili inaweza kuwa na kipimo kimoja, ikaingia kwenye janti moja, na bado isilingane kwa nguvu.

Hesabu yake ni nyepesi. Motokari yenye kilo 1.900 ikiwa tupu, ikipakia watu watano wa kilo 75 kila mmoja na mizigo ya kilo 100, inafika kilo 2.375. Mipira minne ya namba 91 inabeba kilo 2.460. Inabaki nafasi ya kilo 85, ambayo haifiki mifuko miwili ya saruji. Na hiyo ni kama uzito ungegawanyika sawasawa, jambo lisilotokea. Gari linaposhuka mlima wa Ngomo, kati ya Bukavu na Uvira, uzito unaegemea mbele. Linapoangukia shimo, gurudumu moja linapokea pigo la mengine yote. Tena ni nani katika Kivu amekwisha kukataa gunia la viazi la shangazi kwa sababu ya namba iliyoandikwa kwenye mpira?

Mpira uliozidishiwa mzigo haupasuki palepale. Unajikunja kupita kiasi kila unapozunguka, unapata moto ndani, nyuzi zinalegea polepole, kisha siku moja, gari likiwa mbioni, ubavu unafunguka. Ndiyo sababu watengenezaji wanaweka alama za XL, na siku hizi HL kwa magari mazito zaidi, kwenye mipira iliyoimarishwa. Mwenye motokari ya umeme hapaswi kushuka chini ya namba iliyoandikwa katika kitabu cha gari lake au kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa shofa. Kuipita, hakuna ubaya.

Kuhusu okazyo, ukweli wote usemwe. Kwa familia nyingi ndiyo njia pekee ya kuendelea kutembea, na kumcheka anayenunua ni kutokujua maisha. Lakini hata kwa mfuko mtupu hesabu yake ni ya kupigwa vizuri. Mpira mpya wa gari dogo unaanza na meno ya milimita 8 hivi. Katika Ulaya sheria inaukataa ukifika milimita 1,6, na wengi wanaubadilisha mapema. Ule unaofika sokoni ukiwa na milimita 3 una milimita 1,4 tu ya kuliwa kabla ya kufikia mpaka huo, wakati mpya una 6,4. Ni zaidi ya mara nne. Kwa hiyo okazyo inayouzwa kwa nusu ya bei ya mpya si rahisi hata kidogo. Ni ghali mara mbili na zaidi, mbali na pesa za fundi kila wakati wa kufunga na kufungua. Na motokari ya umeme inazidisha hasara hiyo, maana inakula mipira haraka. Makampuni ya mipira yenyewe yanasema kwa asilimia 20 hivi au zaidi kuliko gari la esanse: uzito upo, na mota ya umeme inatoa nguvu yake yote mara mguu unapogusa pedali.

Kuna alama mbili ambazo muuzaji hazitaji. Moja ni namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2316 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2016. Mpira unazeeka hata ukikaa ghalani, na mtengenezaji mkubwa kama Michelin anasema usitumike tena ukipita miaka kumi tangu ulipotengenezwa, meno yawe yamebaki au hapana. Nyingine ni mchoro mdogo wa mlima wenye chembe ya theluji ndani. Mara nyingi huo ni mpira wa baridi ya Ulaya, wenye kauchu laini iliyotengenezwa kwa ajili ya siku zilizo chini ya digrii 7 hivi. Katika Lubumbashi ya mwezi wa kumi, juu ya lami yenye moto, unalika kama sabuni na gari linachelewa kusimama. Unapendeza macho kwa sababu meno yake ni marefu, na ndiyo maana unauzwa vizuri.

Sasa makelele. Wengi waliozoea esanse wanashangaa: motokari ya umeme haina mngurumo wa mota, basi sauti ya mipira ambayo zamani ilifunikwa inasikika yote. Viwanda vimeleta jibu. Continental, Michelin, Pirelli na wengine wanauza mipira yenye sponji nyepesi iliyogandishwa ndani, inayomeza mtetemo wa hewa. Katika njia nzuri ya lami sponji hiyo inasaidia kweli. Lakini anayetafuta utulivu asidanganywe na ile namba ya desibeli iliyo kwenye karatasi ya Umoja wa Ulaya inayobandikwa kwenye mipira mipya. Namba hiyo inapima sauti inayosikiwa na mtu aliye nje, kando ya barabara, gari likipita. Haisemi kitu juu ya masikio ya walio ndani. Karatasi hiyohiyo inatoa daraja, kutoka A hadi E, ya jinsi mpira unavyoteleza bila kumaliza umeme na jinsi unavyoshika njia yenye maji. Kudumu kwa mpira hakumo.

Kwa njia za mashariki mwa Kongo, mpira wenye sponji ni wa kufikiriwa mara mbili. Kwenye mawe na vumbi, kelele nyingi zinatoka kwenye mawe yenyewe na kwenye amortisa, na sponji haitazizima. Msumari ukiingia, fundi hana budi kukata na kukwangua sponji mahali pale kabla ya kubandika kiraka, kazi ambayo mafundi wachache wa kando ya njia wamekwisha kuifanya. Shida ni kubwa zaidi kwa sababu motokari nyingi za umeme haziji na gurudumu la akiba. Zinakuja na chupa ya dawa ya kuziba tundu na kapompa kadogo. Chupa hiyo inatosha kwa msumari ndani ya Lubumbashi. Kwa ubavu uliochanwa na jiwe njiani haina faida yoyote. Mwenye kutoka nje ya mji anunue gurudumu la tano kabla ya kununua utulivu.

Utulivu unaopatikana bila sponji ni huu: janti ndogo kadiri gari linavyoruhusu, ili mpira uwe na ubavu mrefu wa kumeza mashimo. Magari mengi ya umeme yanauzwa na janti kubwa za inchi 19 au 20 na mipira myembamba kama mkanda. Yanapendeza kwenye picha. Kushuka inchi moja au mbili, ikiwa kitabu cha gari kinaruhusu na namba ya uzito inabaki ileile, kunapunguza mitetemo, kunaokoa janti, na mara nyingi kunapunguza bei.

Kudumu kwa mpira kunaamuliwa zaidi na pompa kuliko jina la kiwanda. Tesla Model Y inadai bar 2,9. Magari mengi madogo ya esanse yanatembea na 2,2 hadi 2,4, na hicho ndicho kiasi ambacho mkono wa fundi umezoea. Akijaza kwa mazoea, motokari nzito inaondoka na upungufu, inakula kingo za mpira na kumaliza umeme mapema, katika miji ambamo pa kuchajia ni pachache. Kipimo cha pompa cha mkononi ni bei ndogo kuliko kiraka. Kubadilishana mipira ya mbele na ya nyuma kila kilometa 10.000 hivi, pale ambapo yote ni ya kipimo kimoja, kunasaidia pia, maana magurudumu yanayovuta ndiyo yanayoliwa kwanza.

Neno moja kwa mafundi, kwa sababu kosa lake ni ghali kupita mipira yote minne. Batri iko chini ya tumbo la gari. Kriki ikiwekwa katikati, kama ilivyo desturi kwa magari mengine, inaweza kuiponda. Pa kuinulia ni pale tu palipowekewa alama, karibu na magurudumu.

Nchi hii inajua bei ya mpira. Dunlop alipotengeneza gurudumu la hewa mnamo 1888, kauchu ya misitu ya Kongo ikageuka mali, na hadi 1908 watu wa Dola Huru la Leopold II walilipa kwa viboko, kwa mikono iliyokatwa na kwa vijiji vilivyochomwa. Leo kobalti inakwenda kutengeneza magari ya wengine. Si batri zote zina kobalti, ni kweli, na nyingi za Uchina hazina kabisa. Hata hivyo ni uchungu kuona nchi iliyotoa kauchu na sasa inatoa madini ikipokea, kama malipo, mipira ambayo sheria za wengine zimekwisha kuikataa.

OCC ina kazi ya kuchunguza bidhaa zinazoingia. Kwa mipira haidaiwi maabara wala mashine kubwa. Karani mwenye tochi anaweza kusoma mwaka wa mpira kwa nusu dakika, akaona mchoro wa theluji, akapima meno kwa kijiti cha plastiki. Kukataa pale Kasumbalesa au Kasindi mipira iliyopita miaka kumi, na ile iliyopasuka ubavuni, hakutafunga vibanda. Kutaondoa takataka ndani yake. Na kama serikali inataka motokari za umeme ziongezeke, kodi ya mipira mipya yenye namba kubwa ya uzito iteremshwe. Kodi kubwa ndiyo inayowasukuma watu kwenye okazyo. Katika Kivu, ambako tangu mwanzo wa 2025 mipaka ya Goma na Bukavu haiko mikononi mwa Kinshasa, mnunuzi hana wa kumchunguzia. Anabaki na macho yake.

Wauzaji nao wanaweza kuanza bila kungoja mtu, kwa kuandika juu ya kila mpira mwaka wake na kilo unazobeba. Chaki wanayo tayari. Ndiyo wanayoandikia bei.