Daktari akiingia bungeni, mgonjwa anabaki na nani?

Ndugu msomaji, ukipita Keroka, pale Kisii na Nyamira zinapogusana, uliza habari za Dkt. Hezron Manduku. Alikuwa daktari wa watu Kisii kabla ya kuitwa mheshimiwa. Mwaka wa 2002, Abagusii walipomfuata Simeon Nyachae na chama chake cha FORD-People, Manduku alichaguliwa mbunge wa Nyaribari Masaba. Miaka 20 baadaye, kiti hicho hicho kikaenda kwa Daniel Manduku.

Sina nia ya kumsifu wala kumshtaki mtu hapa. Nataka tujiulize jambo moja: tunapompigia daktari kura, huwa tunataka nini hasa?

Tuseme ukweli. Wengi tunamchagua kwa sababu alimtibu mama yetu, au alikubali tulipe polepole. Hiyo ni shukrani, na shukrani si vibaya. Lakini kazi ya bunge ni nyingine. Kliniki anatibu mmoja mmoja. Bungeni, kura yake moja inaamua iwapo watu wa Nyamira nzima watapata dawa au watarudishwa nyumbani na karatasi ya kwenda kununua duka la dawa.

Bunge lile lile la Manduku ndilo lililopitisha sheria ya CDF mwaka wa 2003, asilimia 2.5 ya mapato ya serikali iende mashinani. Zahanati ngapi zilijengwa na pesa hizo! Lakini ukuta hautibu mtu. Tangu 2013 hospitali zetu ziko chini ya kaunti, na mbunge akiulizwa anasema, "Hiyo ni ya gavana." Gavana naye anasema pesa hazijatoka Nairobi. Mgonjwa yuko kwa benchi.

Basi ni nani anayepitisha bajeti hiyo ya Nairobi? Si ni mbunge huyo huyo? Mwaka wa 2024 madaktari waligoma siku 56. Wanagenzi walikuwa wameahidiwa 206,000 kwa mwezi kwenye mkataba wa 2017, serikali ikawaambia 70,000. Hapo ndipo tungepaswa kusikia sauti ya kila mbunge aliyewahi kuvaa koti jeupe.

Ndugu yangu, 2027 haiko mbali. Akija na jina la daktari, mpe heshima yake, kisha muulize: NHIF ilipoondoka na SHA ikaingia, ulisema nini bungeni? Bajeti ya afya uliipigia kura gani? Asikujibu kwa kulipa bili ya mgonjwa mmoja kwenye harambee, mbele ya kamera. Bili ya mmoja ni sadaka. Matibabu ya wote ni haki, na haki haiombwi kwa harambee.

Jina la daktari halijawahi kuponya mtu. Kinachoponya ni kazi. Tuwapime kwa hiyo.