Shukrani ya Punda



Tuna neno juu ya methali iliyotupiga masikioni mwezi uliopita. Katika mkutano wa watumishi wa afisi moja ya huku kwetu (hatutaitaja, maana tunalolipinga si mtu, ni desturi), mkubwa alisimama akanena kwamba watumishi wa siku hizi hawana shukrani. Wamepewa kazi, wamepewa mishahara, na hali vijana wenye vyeti wamejaa vijiweni Njombe na Makambako wakivitamani viti vyao. Nao wakiombwa kubaki mpaka saa tatu za usiku hununa. Akamaliza kwa kusema, shukrani ya punda ni mateke. Watu wakacheka, nasi tukacheka, kwa kuwa mkubwa akicheka haimpendezi karani kuwa peke yake mwenye uso mkavu. Lakini tuliporudi nyumbani katika ukungu tuliona aibu kwa kicheko kile.

Methali yenyewe tumeifikiri tena. Yasimulia habari za teke, wala haisimulii habari za mzigo. Punda hakuulizwa amebeba magunia mangapi, wala ametoka wapi, wala kama mgongo wake una kidonda chini ya matandiko. Tena aliyepata kufuga punda ajua ya kuwa mnyama yule harushi teke kwa kila amwendeaye. Akila, akipumzika, hutulia hata watoto wakamshika masikio. Twasema basi kwamba wako watu watumiao neno shukrani kama wengine watumiavyo fimbo. Wakitaka saa za mtu bila malipo humwambia ashukuru. Na yeye, kwa kuchelea kupoteza kiti chake, huitika, huinama, husema ahsante. Nao wakaiita shukrani. Sisi twaiita hofu.

Wasomaji wakaao pwani labda hawaijui Juni ya Njombe. Mji wetu uko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai huja asubuhi ambazo sakitu imelala juu ya majani mpaka jua lipande. Na Juni ndio mwezi wa kufunga hesabu, kwa kuwa mwaka wa fedha wa Serikali huisha tarehe 30. Tangu Njombe ilipotengwa na Iringa ikawa mkoa wenyewe, mwaka 2012, afisi zimeongezeka, na taarifa zitakiwazo zimeongezeka pia. Mchana mtandao huwa mzito kwa wingi wa watu, basi karani huambiwa arudi usiku ukiwa mwepesi. Huketi na koti, kofia ya sufu na blanketi magotini, akingoja kioo cha kompyuta kimkubalie tarakimu zilezile alizoziandika mara tatu. Saa tano hutoka. Saa moja na nusu asubuhi yupo tena. Na njiani, simu yake yalia: katika kundi la WhatsApp la idara mkubwa ameuliza jambo, na aliye wa mwisho kujibu ataonekana mvivu. Zamani mtu alifunga mlango wa afisi akaiacha afisi humo. Sasa aibeba mfukoni, ailaza kitandani karibu na mkewe.

Mambo haya yana gharama isiyoandikwa katika vitabu vya hesabu. Salamu ya Wabena na ndugu zao Wahehe ni kamwene. Mzee akikuambia kamwene, nawe waitikia kamwene, ndipo pafunguliwapo habari za nyumbani, za watoto, za mahindi na viazi, za mvua. Na humo katika kuulizana mtu husikia yaliyompata mwenziwe, akamshukuru Mungu pamoja naye au akampa pole. Sisi watu wa afisi tumeikata salamu hii mkia. Twasema kamwene tukiwa tumekwisha pita. Mmoja wetu alimsalimu hivyo jirani yake kwa majuma mawili, akipita mbio asubuhi, akirudi gizani, wala asitambue kuwa jirani yule alikuwa amefiwa. Alipopata habari alikwenda kuketi nao, akapokewa vizuri. Lakini hakujua aseme nini, na mpaka leo jambo hilo humwamsha usiku. Je, huyu naye ni punda asiye na shukrani? Alikuwa akijaza taarifa.

Tukishuka Makambako, mwendo wa kilomita 60 hivi, twaikuta hali hiyohiyo bila baridi kali. Mji ule uko njia panda: barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma hukutana pale na ile ya Njombe na Songea, tena reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ina stesheni yake pale. Mji wa namna hiyo haulali. Malori hupita usiku, mabasi hushusha watu alfajiri, na mama lishe yupo jikoni mwake saa tisa za usiku kwa ajili ya madereva. Huyo hana mkubwa wa kumwambia ashukuru, ana kodi ya pango tu. Muuguzi wa zamu ya usiku, aliyetakiwa kuendelea na zamu ya mchana kwa sababu mwenziwe hakuja, alituambia hivi: mwanzo alikuwa akiwahurumia wagonjwa, kisha akawa anawahudumia tu, kisha akajikuta anawachukia kwa kuwa wengi. Alilia alipotuambia. Hakuwa mtu mbaya, wala si mbaya sasa.

Jambo lile lililompata lina jina kwa wataalamu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliandika katika orodha yake kwamba uchovu huu wa kupindukia si ugonjwa, bali ni hali izaliwayo na dhiki ya kazini isiyotunzwa vema. Na dalili zake ni tatu, nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi hata kuidharau, na kazi yenyewe kuharibika. Wakubwa wetu huiona ile ya tatu, kwa maana huonekana katika majedwali. Ile ya pili ndiyo ituhusuyo hapa. Moyo uliokwisha jitenga utashukuru kwa lipi? Na tusidhani ya kuwa ni habari ya moyo tu. Mwaka 2021 Shirika hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu kwamba katika mwaka 2016 watu 745,000 ulimwenguni walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma.

Wazee wa nchi hii wanajua habari za kazi nzito kuliko sisi. Zama za Waingereza vijana wengi wa Njombe walikwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na kwingineko, wakaitwa manamba. Na wenye mashamba walikuwa na afisi yao ya kuwaajiri, SILABU, tangu 1944. Manamba alipewa kipande chenye nafasi za siku 30, na kila siku aliyotimiza kazi yake ilitiwa alama. Dhiki ile hatuitamani hata kidogo. Waliacha wake na mashamba, wengine hawakurudi. Ila twastaajabu kuona kwamba hata mkata mkonge kazi yake ya siku ilikuwa na kipimo: akiisha kukata na kufunga mizigo yake, alirudi kambini, na jioni ilikuwa yake. Mjukuu wake, aliyesoma akavaa tai, hana kipimo. Hajui ni taarifa ya ngapi itakayoitwa ya mwisho.

Kumbe sheria anayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo twawasihi wasomaji waitafute wakaisome wenyewe, yahusu watumishi wa umma vilevile, isipokuwa wanajeshi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Yasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma wala 9 kwa siku. Saa za ziada ziwe kwa mapatano, zisizidi 50 katika majuma manne, nazo zilipwe mara moja na nusu. Kati ya kuacha kazi na kuianza tena, mtumishi apate saa 12 za mapumziko, isipokuwa kwa mapatano maalumu ya maandishi. Atokaye saa tatu za usiku akarudi saa moja na nusu asubuhi na ahesabu mwenyewe kwa vidole: ni saa kumi na nusu. Tena yampa likizo ya siku 28 kila mwaka, na mwajiri hana ruhusa ya kumfanyisha kazi aliye likizoni. Hili la mwisho tulipomsomea mwenzetu mmoja alicheka sana, maana likizo yake ya mwisho aliimaliza akiwa na kompyuta shambani kwa baba yake, chini ya mparachichi, akitafuta mahali penye mtandao.

Mtu atatujibu kwamba kazi ya umma haina saa, mjamzito hangoji, na barabara ikikatika masika haiulizi kama ni Jumapili. Ni kweli, wala hatujapata kumwona mtumishi wa Njombe akikataa kuamshwa kwa ajili ya mtu anayekufa. Lakini tarakimu za robo mwaka haziko kufani. Zilijulikana tangu Aprili kuwa zitatakiwa, zikakaa juu ya meza ya mtu mpaka tarehe 28, ndipo zikaitwa dharura.

Na sasa tujigeukie sisi wenyewe, isije ikadhaniwa tunawapiga wakubwa mawe kutoka nyumba safi. Makarani twajisifu kwa uchovu. Mmoja husema hakulala, mwingine hujibu yeye hana Jumapili tangu Krismasi, kama watu washindanao kwa idadi ya ng'ombe. Likizo twaziacha zioze, wengine kwa kutamani posho, wengine kwa kuogopa kwamba tukirudi tutamkuta mtu kitini. Tena sisi tulioudhika kwa kutoambiwa ahsante, ni lini tulimwambia ahsante mlinzi aliyekesha mlangoni katika baridi ile tuliyoilalamikia? Mama afagiaye afisi yetu tumemjua kwa miaka minne, nasi tumejua mwaka huu tu kwamba hutembea saa nzima kwa miguu kuja. Twaona haya kuandika habari hii, lakini ingekuwa vibaya zaidi kuificha.

Tuliosoma shule za misheni tulifundishwa habari za wakoma kumi waliotakaswa, na mmoja tu aliyerudi kushukuru. Siku zote walimu walitutaka tuwalaumu wale tisa. Tumekuwa watu wazima, nasi twaisoma kwa jicho jingine: yule mmoja aligeuka njiani akarudi nyuma. Kushukuru kulimgharimu mwendo. Mtu anayesukumwa mgongoni hawezi kugeuka. Hata wenye elimu ya siku hizi waliojaribu jambo hili, Emmons na McCullough wa Marekani, katika majaribio waliyoyatangaza mwaka 2003, waliwataka watu waandike kila juma mambo waliyoyashukuru, wakaona kwamba waliofanya hivyo waliridhika na maisha yao kuliko walioandika kero. Twakubali. Ila lazima mtu awe ameachiwa jioni moja ya kushika kalamu kwa ajili yake mwenyewe.

Basi Chama chetu tawi la hapa na kipeleke kwa wakubwa haya yafuatayo. Kila afisi itundike ukutani saa za kazi kama sheria isemavyo, na chini yake saa za ziada za kila mtu kwa jina, ili zionekane. Makundi ya simu yanyamaze tangu saa kumi na mbili za jioni, isipokuwa kwa ugonjwa, ajali au moto. Orodha ya likizo itolewe Julai na isifutwe. Na mkubwa atakapotaka tena kutusomea methali ya punda, kwanza atuambie kwa kinywa chake ni jambo gani mojamoja alilotendewa na mtumishi mmojammoja mwaka huu, hata la mfagiaji. Akishindwa kuyataja, tutajua nani hana shukrani.

Sisi kwa upande wetu tumeanza. Kila Ijumaa saa tisa na nusu twafunga kompyuta, twapita afisi hata afisi kuagana na wenzetu, nasi hatuondoki mlangoni mpaka kamwene imekwisha yote, na habari za nyumbani zimekwisha. Ijumaa ya kwanza mlinzi alidhani tumefukuzwa kazi. Barua yetu ya kuomba siku 28 tuliipeleka Jumatatu ya juma lililopita, yenye nambari ya kifungu cha sheria pembeni. Bado haijajibiwa.

Ni sisi,
Karani wa Njombe