Genshin Impact: lugha yetu wameikamata, ngozi yetu wameiacha inje



Mu muchezo wa Genshin Impact kuna mutoto mwanamuke anaitwa Kachina. Ni mudogo, analia upesi, anaogopa kushindwa mbele ya wengine, lakini haachi kupigana. Alipewa jina ya heshima, jina yenye inabebwa na mashujaa wa kabila yake tangu zamani: Uthabiti. Rafiki yake Mualani anabeba jina Umoja. Kijana Kinich anabeba jina Malipo. Muchezaji wa Tokyo ao wa Paris anayasoma haya majina bila kujua yametoka wapi. Mutoto wa Goma, wa Bukavu ao wa Lubumbashi, yeye anaelewa palepale, bila kamusi.

Njo kusema Kiswahili iko ndani ya ule muchezo. Haikuingia kwa bahati. Kuna mutu alikaa ku meza, akatafuta maneno yenye uzito, akayachagua, akayavalisha mashujaa wake.

Sasa tuangalie sura. Kachina ni mweupe. Mualani, mwenye anashinda ku maji na ku jua mwaka muzima, jua imemugusa kidogo tu. Kinich vilevile. Jina ni yetu, sura si yetu. Njo jambo lenye nataka tuongee leo, na ninaongea sawa mupenzi wa ule muchezo, si sawa adui.

Kwa wenye hawaujui: Genshin Impact ilitoka tarehe 28 Septemba 2020. Walioitengeneza ni kampuni ya miHoYo ya Shanghai, yenye inatumia jina HoYoverse mu inchi zingine. Unacheza ku simu, ku kompyuta ao ku PlayStation, na kuingia ni bure. Unatembea mu dunia inaitwa Teyvat, yenye inchi saba na nguvu saba: upepo, mawe, umeme, majani, maji, moto na barafu. Ukichanganya maji na barafu, adui anaganda. Ukiweka moto ku majani, pori inawaka. Ni akili nyingi, na ni rangi nyingi kuliko michezo mingi yenye nimeona: majani ya kijani kabisa, mawingu ya rangi ya machungwa, maua yenye inaangaza usiku. Vijana wengi hapa kwetu wanalipa mega kwa shida, wanafuta mapicha yao ili simu ipate nafasi, juu muchezo unaomba giga mingi. Hawana wazimu. Ni muzuri kweli.

Uzuri wake unatoka mu heshima yenye watengenezaji wanaweka mu kazi. Inchi ya Mondstadt imejengwa sawa Ujerumani ya zamani. Liyue ni China, Inazuma ni Japani, Fontaine ni Ufaransa. Angalia Liyue: milima, chai, sikukuu ya taa, desturi za kuaga wafu, kila kitu imewekwa na mikono yenye inaijua. Walipoleta muhusika Yun Jin, mwimbaji wa opera, walitafuta mwimbaji wa kweli wa opera ya Beijing ili aimbe kwa sauti yake. Hivyo njo mutu anafanya kama anapenda utamaduni wake na anataka dunia iuone. Mimi nilijifunza kuiheshimu opera ya China kupitia muchezo wa simu. Sioni haya kusema hivyo.

Kwa hiyo tunajua kama wanaweza. Na njo maana inauma.

Mu Agosti 2022 walifungua inchi ya Sumeru. Nusu yake ni pori, nusu ni jangwa, na mawazo yake yametoka Uajemi, India na Misri. Tulifurahi. Tukasema: sasa tutaona watu wa rangi yao. Walikuja Cyno, Candace na Dehya, wenye ngozi ya kahawia. Wengine wote wenye tunaweza kucheza nao mu Sumeru karibu wote ni weupe, hata mungu wa ile inchi. Lakini ukienda jangwani, unakutana na kundi inaitwa Waeremite. Ni mamluki, wanakuruka na silaha njiani, na unawapiga ili upate vitu. Hao ndio wenye ngozi ya kahawia kwa wingi. Kuchora ngozi ya kahawia wanajua vizuri. Swali ni wanaipatia nani: muhusika mwenye utampenda na kumulipia, ao adui wa njiani mwenye utamuua mara mia bila kujua jina yake?

Kisha ikaja Natlan, tarehe 28 Agosti 2024. Ni inchi ya moto, ya volkano na ya vita. Hapo walikusanya majina kutoka pande zote za dunia zenye watu wa ngozi nyeusi na ya kahawia. Xilonen ni jina ya mungu wa mahindi kwa Waazteki. Chasca ni mungu wa mapambazuko kwa Wainka. Mavuika, mutawala wa Natlan, jina yake inafuata Mahuika, mungu wa moto wa Wamaori. Ororon inafuata Olorun, Mungu mukubwa wa Wayoruba. Iansan ni Iansã, jina yenye Wabrazili wanamuitia Oya, na Oya alivuka bahari pamoja na watumwa kutoka Afrika. Na juu ya hayo yote wakaongeza Kiswahili.

Picha za kwanza zilitoka mu Julai 2024, na kelele ilianza siku hiyo hiyo. Wachezaji wa inchi mingi waliandika. Hata waigizaji wenye wanatoa sauti za muchezo kwa kingereza, wamoja wao walisema wazi kama haiko sawa, na wale wanakula ku hiyo kazi. Kampuni haikubadilisha sura za wale wahusika. Iansan mwenye ngozi ya kahawia alikuja kuingia mu mikono ya wachezaji mu Machi 2025, na alikuja na nyota 4.

Ile nyota si neno ndogo. Lazima tueleze namna muchezo unakula makuta, juu bila hiyo mutu anaweza kuzani tunalia bure.

Kuingia ni bure, lakini wahusika wengi unawapata kwa bahati nasibu, yenye wanaita gacha. Kuvuta mara moja ni Primogem 160. Kila ukivuta, nafasi ya kupata muhusika wa nyota 5 ni 0,6 kwa mia. Ukikosa mara 89, ya 90 lazima ikupatie nyota 5. Lakini anaweza kutoka mwengine, si yule ulikuwa unatafuta, na ikiwa hivyo unaanza tena kuhesabu. Mutu anaweza kukusanya Primogem kwa kucheza kila siku, miezi na miezi. Ao analipa: kifurushi kikubwa ni karibu dola 100, na kinakupatia kama mara 50 za kuvuta. Hesabu mwenyewe na mushahara wa mwalimu wa kwetu. Mu Januari 2025, tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kama kampuni imekubali kulipa dola milioni 20, na haitaruhusiwa tena kuuzia watoto wa chini ya miaka 16 ile bahati nasibu bila wazazi kukubali.

Kwa hiyo, tukitoa mapambo yote, biashara ya huu muchezo ni moja: unauza watu. Unauza sura, nguo, sauti, historia ya mutu. Hawa wa nyota 5 njo bidhaa ya bei kali. Wa nyota 4 wanatoka kwa urahisi zaidi, sawa zawadi ya kukufariji. Wakati kampuni inachagua ngozi ya muhusika, inachagua pia sura gani wanazani mutu atailipia. Na kwa miaka yote hii, mu wahusika zaidi ya 80, wenye ngozi ya kahawia unawahesabu ku vidole, na mweusi kabisa, mweusi sawa mama yangu, sijamuona hata mumoja wa kucheza naye. Kaeya, Xinyan, Candace, Iansan: wote nyota 4. Cyno na Dehya walipata 5. Na Dehya alipotoka mu 2023, wachezaji walilalamika sana juu nguvu yake ni kidogo kupita wenzake wa nyota 5.

Kuna majibu tatu yenye nasikiaka kila mara.

Ya kwanza: «Teyvat ni dunia ya hadisi, si Afrika.» Sawa. Mu dunia ya hadisi, mutu anaweza kuwa na masikio ya popo, mukia wa chui, mabawa, pembe. Natlan iko na madragoni yenye inaogelea mu mawe. Hadisi yenye inaweza kubeba hayo yote haiwezi kushindwa na ngozi nyeusi. Tena, kama ni hadisi kabisa, wangetunga majina yao. Hawakutunga. Walikuja kuchukua yetu.

Ya pili: «Kampuni ni ya China, inafuata wanunuzi wake.» Wanunuzi wake wako dunia yote, na muchezo unaandikwa mu lugha 15: kifaransa, kireno, kituruki, kivietnamu na zingine. Hakuna hata lugha moja ya Afrika ku ile orodha. Kiswahili ilionekana nzuri kwa kuitia jina ya shujaa, lakini si nzuri kwa kuongea na mutu mwenye anaiongea. Kuna hapo kitu ya kufikiri. Na tusikilizane vizuri: wachezaji wa China hawakutukosea kitu. Mutu mwenye anaacha hoja na kuanza kutukana Wachina ku mitandao, huyo hatuko naye.

Ya tatu, na hii inatoka kwetu wenyewe: «Tuko na shida za kweli, muko munaongea mambo ya watoto.» Tuko nazo, tunazijua. Lakini mutoto wa miaka 12 anakaa na ule muchezo saa mbili kwa siku, kuliko anakaa na kitabu chochote. Mule anajifunza nani anaokoa dunia na nani anapigwa njiani. Kama kila siku anaona neno ya nyumbani kwao, Uthabiti, Umoja, ikivaa uso wenye haufanane na wa mutu yeyote wa nyumbani kwao, kuna kitu inaingia mu kichwa bila kelele. Dada zetu wenye wanajipaka mafuta ya kung'arisha ngozi hawakuamka siku moja na hilo wazo. Waliletewa kidogo kidogo, picha kwa picha.

Kwa hiyo, siombi watu wafute muchezo. Mimi siufute. Ninaomba hivi:

Kwa kampuni: mukichukua jina ya watu, muchukue na watu. Mulete wahusika weusi wa kucheza nao, wa nyota 5 pia, wenye hadisi kamili, wenye kupewa ule moyo wenye mulimupatia Yun Jin. Muite washauri kutoka kwa wenye utamaduni, muwalipe, muandike majina yao. Na kama Kiswahili inawafaa kwa mashujaa, muifanye lugha ya kuchezea.

Kwa wachezaji wenzangu: kila mara muchezo unatuma karatasi ya maulizo mu barua zake za ndani. Wengi tunabonyeza haraka ili tupate zawadi. Tujaze kwa kweli. Tuandike kila mara neno moja: wahusika weusi. Na kabla ya kuvuta, tuangalie makuta yetu yanaenda kulipia sura gani. Mega ya kucheza ni starehe, sikatae. Lakini dola ya kuvuta ni kura.

Kwa wachoraji wetu, wenye wanachora ku simu na ku madaftari: kuna wapenzi wa muchezo mu inchi mingi wenye walichora upya wahusika wa Natlan na ngozi yao ya haki. Mufanye na nyinyi. Mumuchore Uthabiti na nywele za kusuka, mumuchore Umoja mweusi juu ya maji ya Kivu. Kampuni ikione kama ile sura inapendwa, itashindwa kusema tena ati haina wanunuzi.

Uthabiti maana yake ni kusimama bila kuyumba. Walipatia lile neno mutoto mwenye anaanguka na kusimama tena, na kwa hiyo niseme ukweli, walilielewa vizuri. Bado kuwaelewa wenye walilitunga.