Sumu Iliyojificha Katika Viungo

Kwa mtu wa Pwani, pilau isiyo na viungo ni wali tu. Kuanzia Likoni hadi Lunga Lunga, hapana harusi, hitima wala futari inayokamilika pasipo pilipili manga, tangawizi, manjano na iliki. Viungo hivi ni sehemu ya ustaarabu wetu. Ndiyo maana yatupasa kuuliza, bila ya kuoneana haya, vimekaushwa vipi, vimewekwa wapi na nani amevikagua kabla havijafika chunguni.

Adui tunayemzungumzia ni kuvu aitwaye Aspergillus flavus, ambaye hutoa sumu ijulikanayo kama aflatoksini. Sumu hii ilianza kutambuliwa mwaka 1960 nchini Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga. Leo hapana shaka tena miongoni mwa wataalamu kwamba husababisha saratani ya ini. Sisi Wakenya tuliionja shubiri yake mwaka 2004, watu 317 walipougua na 125 kati yao kufariki, wengi wao huko Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu.

Kuvu hupenda joto na unyevu, na Diani ina vyote viwili. Pilipili ikianikwa juu ya udongo mtupu wakati wa masika, au gunia likilazwa sakafuni katika ghala lisilopitisha hewa, kuvu huota. Pilipili kavu, pilipili manga, tangawizi, manjano na kungumanga huathirika kwa wepesi zaidi. Karafuu na mdalasini zina mafuta yanayomzuia kuvu, kwa hiyo hatari yake ni ndogo. La kutisha ni kwamba sumu hii haina rangi wala harufu ya kumshtua mpishi, na moto wa jikoni hauimalizi. Ukungu waweza kuonekana juu ya kipande cha tangawizi. Kikishasagwa, umekwisha kufichika.

Wapo watakaosema kwamba kijiko kimoja cha bizari hakiwezi kumdhuru mtu. Hoja hiyo ina ukweli wake, kwani hatari kubwa zaidi imo katika mahindi na karanga, tunazozila kwa wingi. Lakini mlaji hana maini mawili, moja la ugali na jingine la mchuzi. Sumu ndogo ya kiungo huongezwa juu ya ile ya unga, siku baada ya siku, na kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B madhara huzidi maradufu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hapa ndipo ninapoona dhuluma. Umoja wa Ulaya hauruhusu pilipili, tangawizi, manjano wala kungumanga yenye zaidi ya maikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo. Hoteli kubwa ya ufuoni yaweza kumdai mwuzaji cheti cha upimaji. Je, mama wa Ukunda anayenunua kipakiti cha bizari iliyokwisha sagwa, kisicho na jina wala tarehe, amdai nani? Asiye na uwezo wa kununua kwa wingi ndiye anayeuziwa kile asichoweza kukikagua.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti jukumu la kutoa leseni na kudhibiti biashara za kuuzia umma chakula. Jukumu hilo halitimizwi kwa kutazama leseni iliyotundikwa ukutani. Maafisa wa afya wa Kwale hawana budi kuchukua sampuli katika masoko na mashine za kusagia, kuzipeleka maabara na kuwatangazia wananchi matokeo. Kwa upande wake, mkulima asaidiwe kupata turubai, vichaga na ghala kavu. Kumwadhibu tu bila ya kumwezesha ni kukata tawi na kuacha mzizi.

Nawageukia walimu na wanafunzi. Somo la sayansi lisiishie ubaoni. Mwanafunzi anayejua kwa nini mkate huota ukungu aweza kumweleza mama yake anunue viungo vizima, avichambue, atupe vilivyoota ukungu badala ya kuvipangusa, asage kidogo kidogo, na asivinyunyizie juu ya chungu kinachofuka mvuke moja kwa moja kutoka kwenye kopo, kwani mvuke huo hulitia kopo unyevu. Hatua hizi hazigharimu fedha nyingi.

Hata hivyo, uangalifu wa nyumbani hauwezi kuwa kisingizio cha serikali kulala. Ini likishaharibika halina fundi wa kulishona upya. Afya ya mlaji wa Msambweni ina thamani ile ile ya mlaji wa London, na mizani ya kuwapimia chakula chao haina budi kuwa moja.